Uzi wa Bibi

"Mfungue mdomo, mayu," alisema fundi wa kukata vimeo, wembe mkono wa kulia, kijiko cha kukandamizia ulimi mkono wa kushoto.

Kwandu, mama wa mtoto, hakumfungua mwanawe mdomo. Alimvua fulana.

Mama mkwe ndiye aliyemwita fundi. Kikohozi cha mjukuu alikijua: kimeo, kile kinyama cha kooni, kimerefuka, na dawa yake ni kukatwa. Baba wa mtoto naye alikatwa, na leo ana shingo kama ya maksai.

Lakini Kwandu alikuwa akitazama uzi mweusi wa kinga, ambao bibi alimfunga mtoto chini kidogo ya kifua. Mtoto akivuta pumzi, badala ya kukaza, uzi ulilegea.

"Mama, hebu tazama uzi wako," alisema bila kupandisha sauti. "Anavuta hewa, mbavu zinaingia ndani. Koo halina kosa. Hii ni nimonia, na mimi nampeleka hospitali."

"Kikikatwa tu, atapumua," fundi akadakia.

Mama mkwe alimsogelea mjukuu. Alichuchumaa, akapenyeza kidole kati ya uzi na ngozi, akangoja. Mtoto akavuta pumzi. Nyama ya chini ya mbavu ikadidimia, na kidole cha bibi kikazama nayo hadi ukucha ukapotea.

Bibi akasimama, akafungua kitenge kiunoni mwake, akamrushia Kwandu ambebee mtoto.

"Fundi," akasema, "pikipiki yako ina mafuta?"