Rimiksi ya Kumi na Tisa

Idrisa, aliyekuja kumposa, aliomba jambo moja tu: kabla ya kutoa jibu, Tunu asikilize albamu yake yote ya muziki wa kompyuta. Rimiksi ya kumi na nane, toleo jingine la wimbo uliochanganywa upya, ilipokwisha, Tunu aliisukuma spika mezani.

"Shangazi, tangu adhuhuri nasikiliza wimbo ule ule."

"Basi siku mkigombana atakukariria neno lile lile hadi uzeeke," shangazi alisema, akiendelea kuchambua mchele.

Ya kumi na tisa ikaanza. Ghafla midundo ilikatika, kikasikika kikohozi, kisha Idrisa akinong'ona peke yake, "Hapana. Bado haijafaa." Alikuwa amesahau kuifuta sehemu ile.

Shangazi alifumbua mdomo. Tunu aliinua mkono kumnyamazisha, akaongeza sauti.