Bomba Linamwita Bi Mize

Haya wajukuu zangu, kitegueni hiki: nina mwenzangu ukutani, hali wala hanywi, lakini nisipomwambia nitafanya nini leo, ananinyima maji. Mmeshindwa? Basi mji nimeuchukua. Ni bomba la jikoni!

Zama hizo kila mtu wa nyumba sharti alitajie bomba kazi yake ya siku, ndipo maji yatoke, ili watu wasiianze asubuhi kizembe.

Siku moja Riziki alijibu. Mumewe Makame akajibu. Kisha bomba likauliza kwa upole, "Bi Mize, leo utafanya nini?"

Bi Mize, mama yake Riziki, alikuwa kitandani, ameshafumbwa macho. Alikata roho alfajiri, na hapakuwa na tone la kumkoshea.

"Amekufa!" Riziki alilia.

"Hiyo si kazi ya leo. Bi Mize, leo utafanya nini?"

Makame alikwenda kuomba kwa majirani, ambao nao maji yao ni ya kipimo. Akarudi na kikombe kimoja. Jua lilikuwa linapanda.

Kidawa, shoga yake Riziki aliyekuja msibani, akamvuta kando. "Mjibie wewe. Sauti zenu ni moja. Mara ngapi nimepiga simu nikamsengenya mama yako, kumbe namwambia mwenyewe?"

Riziki akacheka, kicheko kikageuka kwikwi.

"Bi Mize, leo utafanya nini?"

Riziki akaivuta sauti taratibu kama mama yake.

"Leo nitaoga, mwanangu. Nitavaa nguo nyeupe, kisha niende zangu."