Ncha Mbele

Bi Sekela aliingia ofisi ya mtendaji wa kata na mkuki wa marehemu mumewe begani. Sakafuni palikuwa na rundo la mikuki ya mtaa, na foleni ya watu walioshika mikuki yao ilifika mlangoni.

"Weka hapo, shangazi," alisema mtendaji Mwambije bila kumtazama. "Bunge limeshapitisha sheria, mikuki yote ikabidhiwe serikalini."

"Majambazi walipovunja mlango wangu, hilo Bunge lilikuwa wapi?"

"Siku hizi unapiga simu polisi."

"Nilipiga! Walikuja kesho yake, saa nne, wananiuliza mbona mlango umevunjika. Haki ya kujilinda nimezaliwa nayo, Mwambije. Bunge litaninyang'anyaje kitu ambacho halikunipa?"

"Mimi nimetumwa tu, shangazi."

"Umetumwa, lakini umezaliwa hapa hapa."

Kwa mila ya kwao, anayetoa mkuki kwa hiari hutanguliza mpini. Akitanguliza ncha, hajatoa bali ananyang'anywa, na atakayeupokea ndiye atakayebeba lawama ya damu yoyote itakayomwagika nyumbani kwa mwenye mkuki.

Bi Sekela aliushusha mkuki, akamnyooshea ncha.

"Haya, pokea."

Mkono wa Mwambije uliinuka, ukakwama hewani. Nyuma ya Bi Sekela, mmoja baada ya mwingine, watu wa foleni wakaanza kugeuza mikuki yao.