Kikombe cha Ziada

Wazee wa chama walikuwa sebuleni wakingoja jibu la mkunga: atagombea urais au hagombei? Yeye alikuwa jikoni akimimina chai, na neno "hapana" lilikuwa limemkaa mdomoni tangu asubuhi.

Mumewe akaingia akicheka. "Mama watoto, tulia. Nimeshawaambia hutaki. Ikulu huwezi kumwambia mtu 'sukuma' akasukuma!"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake hasa. Mbona basi, lilipotoka kwa mume, lilimchoma? Akaduwaa na birika mkononi, chai ikafurika hadi kwenye sinia.

"Unamwaga, mke wangu! Na hicho kikombe cha ziada ni cha nani?"

Akakitazama asijue alikiweka saa ngapi.

"Changu," alijisikia akisema, na tayari alikuwa amebeba sinia kuelekea sebuleni.