Siwa Inavuka Mto

Mwanamisi aliisugua siwa kwa ndimu na jivu mpaka ile pembe ndefu ya shaba ikang'aa kama siku ya arusi yake. Mjini kwao, bibi arusi asiyepigiwa siwa hakuhesabiwa kuwa ameolewa. Mpigaji alikuwa mumewe mwenyewe, na siku ile alijipigia arusi yake, watu wakacheka mpaka wakatokwa na machozi. Baadaye vita na watu wa ng'ambo ya mto vilimchukua. Pale mdomoni pa siwa, palipolika kwa midomo yake, Mwanamisi hakupasugua.

"Dada, wale wa ng'ambo wamefika," alisema kaka yake Bwanaheri, mkuu wa mji.

"Tuliwapa malisho, kaka. Tukawapa mashamba ya chumvi. Leo siwa."

"Na vijana wetu wanalala majumbani mwao. Wewe uliyefiwa na mume ndiye unayetaka nipigane?"

Mwanamisi aliifunga siwa katika kanga yake ya arusi, akaitoa nje kwa mikono miwili, kama mtu anayempakata mtoto.

Mjumbe wa ng'ambo aliipokea, akawapa askari wake bila hata kuifungua. Akaomba maji ya kunywa. Mwanamisi alimletea kwa kata, naye akanywa taratibu, akajipangusa midomo.

"Maji yenu matamu," alisema kwa upole. "Kisima kiko wapi?"

Bwanaheri, akiwa bado anatabasamu, alikuwa ameshaanza kuinua mkono kumwonyesha.