Mtoto Asiyelalamika

Bangili za shule zilisifu kila jema alilotenda mtoto, na jema kuliko yote lilikuwa kutolalamika. Ndiyo maana Radhia wa darasa la pili alikuwa amejikunja kwenye benchi la zahanati, jasho linamtiririka, naye anatabasamu.

"Unaumwa wapi, mwanangu?" nesi akauliza.

"Shikamoo. Mimi sijambo."

"Hongera, Radhia," ikasema bangili, ikawaka kijani.

Nesi akamgeukia Bi Mwanakheri. "Bibi, mwenyewe kasema hajambo. Sheria hainiruhusu kumgusa mtoto asiyelalamika."

Bi Mwanakheri, roho juu, akamchutamia mjukuu wake. "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu inaungua ndani, nje hapatoki moshi."

Radhia akafikiri. Taratibu akaushika mkono wa bibi, akauweka chini ya kitovu, upande wa kulia. Palikuwa pagumu kama jiwe. Bangili ikazima.

"Umepata, mke mwenzangu. Sasa mwambie nesi, nakuomba."

Radhia akaitazama bangili. Akauondoa ule mkono, akaurudisha vizuri mapajani mwa bibi.

"Tulikuwa tunacheza tu," akamwambia nesi.

"Hongera, Radhia."

Nesi akamwita mgonjwa mwingine.