Mikono ya Shahidi

“Ikate hiyo mikono,” alisema mwongozaji, amesimama nyuma ya kiti cha mhariri. “Sitaki kuiona.”

Mhariri aliguna. Studio nzima walimwita Mkasi, jina ambalo hata mama yake mzazi alishaanza kulitumia. Kwenye skrini mbele yake alikaa mwanamke mwenye dirisha mgongoni, uso giza tupu, akisimulia anavyopigwa nyumbani. Hata sauti ilikuwa ya kuazima. Mwongozaji alileta picha zikiwa tayari zimewekwa sauti ya mwigizaji. Kilichoonekana ni mikono tu. Kidole gumba cha kulia kilivipapasa vidole vya kushoto, kimoja kimoja. Kikifika cha mwisho, kinaanza upya.

“Dada, hiyo mikono ndiyo filamu yenyewe. Tukiitoa tunabaki na kivuli kinachoongea.”

“Mumewe akimtambua atamuua, Mkasi. Sisemi kisinema. Atamuua.”

Mkasi akafyata mkia, akakata.

Mwongozaji, bosi wake, alikuwa ameumaliza ujana wake kwenye shida za watu: wachimba mchanga waliofukiwa, mahabusu waliosahaulika, wajane waliotupiwa vyombo nje. Hakuna shahidi wake aliyewahi kudhurika, na hilo alijivunia kuliko tuzo zote zilizojaa vumbi pale kabatini. Safari hii alizidisha tahadhari. Alikwenda kurekodi peke yake, bila mpiga picha wala mtu wa sauti, na katika mahojiano yote hakusikika akiuliza swali hata moja.

“Mbona hukumwuliza kitu?”

“Hakuhitaji kuulizwa,” alijibu, akizungusha kalamu. Mikono yake haikujua kupumzika. Kama si kalamu ni simu, kama si simu ni kamera.

Mchana mume wa mwongozaji alipita kumchukua mkewe, kama kawaida yake, na mfuko wa machungwa kwa ajili ya vijana wa studio.

“Shemeji Mkasi, mtaniulia mke kwa kazi, nyie!”

Wote wakacheka. Mkasi alimpenda sana bwana yule. Wanaume wa kumbebea mke mkoba hadharani hawakuwa wengi.

Siku ya kuipeleka filamu kwenye ukumbi wa maonyesho, bosi akiwa ameshaikagua na kuipitisha, Mkasi alibaki nayo peke yake. Akaitazama tena. Pale katikati ilikuwa imekufa kabisa. Miaka yote anakata na kuunga, na jina lake linapita mwishoni watu wakiwa wameshainuka vitini. Mara hii angalau wangebaki wamekaa. Na nani duniani anamjua mtu kwa vidole? Mikono haina jina, alijiambia, akairudisha ile mikono kwenye filamu.

Ukumbini alikaa pembeni, safu moja nyuma ya mwongozaji na mumewe. Mikono ilipotokea kwenye skrini, watu waliacha hata kukohoa. Mama mmoja alianza kulia kwa kwikwi. Mkasi alijisikia mkubwa kuliko alivyowahi kujisikia maishani. Akamgeukia bosi wake, aone kama ameshasamehewa.

Simu zote zilikuwa zimeachwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza alimwona hana kitu cha kushika. Mwanga wa skrini ulimwangukia mapajani. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kikivipapasa vidole vya kushoto, kimoja kimoja. Kikifika cha mwisho, kinaanza upya.

Mumewe hakuwa akitazama filamu tena. Alinyoosha mkono wake taratibu, akaifunika ile mikono miwili, akaibana mpaka ikatulia.